Mguu wa Mzee Alfonsi

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa naota, nikwambie kabisa: sikuwa nimelala. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, viatu mkononi kwa sababu ya matope, na akili zangu zote timamu. Haya yalinitokea mimi mwenyewe pale Sumbawanga, alfajiri ya Pasaka.

Enzi zile za kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa nesi kijana, mtu wa Mbeya, Mmoraviani, nimepangiwa kazi hospitali moja ya pale mjini. Mzee Alfonsi aliletwa kwetu kutoka upande wa Chala, mbali na mjini. Alikuwa anabomoa nyumba yake ya zamani ahamishie mbao kijiji kipya, boriti ikamwangukia mguuni. Alichelewa kuja. Mguu ulikuwa umeshaoza, na daktari akaukata chini ya goti.

Kwa kawaida kiungo kilichokatwa hupewa ndugu wakazike. Ndugu zake walikuwa wamerudi kuezeka kabla mvua hazijawakuta nje. Basi mzee akaniita mimi.

"Nesi mwanangu, nakuomba ukauzike kwenye makaburi ya misheni, chini ya ule msalaba mkubwa. Siku parapanda ikilia nitatoka kaburini kwangu huko Chala, nipitie hapa niuchukue. Sitaki kusimama mbele ya Bwana na mguu mmoja."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Alikuwa mkulima wa ulezi, mtu wa Rozari kila jioni, na alikuwa anaogopa kweli kweli. Nikamwahidi.

Sasa sikia ujinga wangu. Jioni ile mvua ilinyesha, mvua ya Ufipa yenye baridi ya kukufanya uchukie kazi, na makaburi yalikuwa mbali. Niliufunga mguu kwa kipande cha shuka, mafundo matatu ya kukaza, nikauzika nyuma ya chumba cha kufulia, chini ya mkaratusi. Asubuhi nikamwambia, "Tayari, babu. Chini ya msalaba."

"Upande gani?"

"Kulia."

Akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Na mimi nikaitikia amina! Unaona nilivyokuwa?

Mwaka uliofuata, wakati wa Kwaresima, mwanawe alikuja hospitali kunitafuta. Mzee alikuwa amefariki, wameshamzika kijijini. "Alituagiza tukushukuru kwa ule mguu," akasema, akanikabidhi debe la ulezi. Nililipokea. Usiku huo sikupata usingizi, lakini bado sikumwambia mtu ukweli.

Sisi Wamoraviani huipokea Pasaka makaburini, kabla jua halijatoka, kwa matarumbeta. Pale Sumbawanga tulikuwa familia chache za watumishi wa serikali na tarumbeta moja tu, lakini hatukuacha. Kwa hiyo alfajiri ile nilitoka zamu nikaelekea makaburi ya mjini, na njia inapita kando ya makaburi ya misheni. Ukungu ulikuwa umetanda. Nikaona mtu kwenye ule msalaba mkubwa. Anainama, anapapasa ardhi, anasogea hatua moja kwa gongo lake, anainama tena. Alikuwa upande wa kulia.

Nilimtambua kabla hajageuka. Utasema ungekimbia. Thubutu! Kilichonitoka mdomoni ni, "Shikamoo, babu." Ndiyo, nilimwamkia mtu aliyezikwa.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ile ile, haijabadilika hata kidogo. Vidole vyake vilikuwa vimejaa udongo. "Ulisema kulia? Nimetafuta kulia, nimetafuta na kushoto. Siuoni."

Niamini, hata hapo uongo mwingine ulinijia mdomoni, umeiva kabisa: jaribu nyuma ya msalaba, babu. Nikamtazama anavyoyumba juu ya lile gongo, nikapiga magoti kwenye matope.

"Babu, nilikudanganya. Uko kule hospitali, nyuma ya chumba cha kufulia, chini ya mkaratusi. Nilikimbia mvua."

Akavitazama viatu vyangu mkononi, kisha akanitazama usoni.

"Mwanangu," akasema, "nimetoka Chala kwa mguu mmoja."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Aliliweka gongo kwapani, akaelekea upande wa hospitali, na ukungu ukamficha.

Nilifika kwa wenzangu tarumbeta inalia, jua linachomoza, wanaitikiana kwamba Bwana amefufuka. Niliitikia kwa kelele mpaka wakanigeukia. Sikungoja sala ya mwisho. Nilikimbia hospitali, nikachukua jembe stoo, nikaenda kwenye mkaratusi. Nyasi zilikuwa zimefunika pale mahali, nzito, hakuna dalili ya mtu kuchimba. Nikachimba kwa pupa. Kitambaa kikatokea. Mafundo yangu matatu yalikuwa vile vile, yamekaza. Nikakishika, nikakibonyeza.

Kitupu! Hakuna mfupa, hakuna hata ukucha. Nilipiga kelele, nikacheka, nikalia, wafuaji wakatoka mbio wakidhani nimeumwa na nyoka.

Nilikwenda kwa padri wa misheni nikamweleza yote. Akanikumbusha kwa upole kwamba ufufuko wa mwili ni siku ya mwisho, na kwamba mbwa hufukua kila mahali.

"Padri," nikamwuliza, "huyo mbwa alifungua mafundo matatu, akala, akayafunga tena, akafukia na kuotesha nyasi?"

Aliomba akishike kile kitambaa, akakaa nacho mapajani mpaka kengele ya misa ikalia.

Nilifanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu. Kila kiungo nilichokabidhiwa nilikizika mwenyewe, pale mgonjwa alipotaka, na shahidi pembeni. Wenzangu walinicheka, wakaniita nesi wa makaburi. Kufa sikuogopi tena, nasema kweli, nakungoja kwa hamu ya kuona. Ninachoogopa ni kukutana na mzee yule anitazame tena vile.

Na wewe unayenisikiliza, mgonjwa akikuomba jambo la baada ya kifo chake, usimwitikie ili anyamaze tu. Litimize, au mwambie hapana. Maana mtu anayekufa anakuamini, na atakwenda kutafuta pale pale ulipomwambia.