Maboya Chini ya Kofia ya Bati

Fundi Honorata wa Buzebazeba hana haraka na bati, na akikutana na mwenye haraka humwambia atafute fundi mwingine. Mimi ni jirani yake. Nimemwona akiwateremsha wanaume wazima kwenye ngazi kwa sababu walipanda na viatu vya matope. Wao wanamwita mkaidi. Mimi namwita fundi.

Msimu huu alipata kazi kwa Yunisi, mjane anayehifadhi dagaa wakavu katika stoo yake karibu na ufukwe wa ziwa. Mwaka jana mvua ilipiga kutoka upande wa Kongo, upepo ukasukuma maji chini ya kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, yakapenya kwenye mabonde ya bati yaliyoachwa wazi. Dagaa wote wakaoza. Wakioza tena, Yunisi hana biashara. Alilisema hilo bila kulia, na ndilo lililoniuma.

Sponji za kuziba mabonde hayo zilikuwa zimekwisha madukani. Yunisi hakukaa bure: alikata godoro lake mwenyewe, akapanga vipande mlangoni kama mihogo ya kuuza. Honorata alichukua kimoja, akakitumbukiza kwenye ndoo, akakikamua mbele yake. Godoro hunywa maji, akamweleza, kisha huyatapika ndani.

Nikajua tumekwama. Honorata alikuwa anatazama ukutani, uliponing'inia wavu wa marehemu Calixte, mume wa Yunisi, na maboya yake ya sponji ngumu. Wavu ule ulikuwa haujaguswa tangu mazishi. Hata wanawe walipouomba, waliambiwa wakatafute wa kwao.

"Mama," Honorata akasema, "boya halinywi maji. Lingekuwa linakunywa, baba angevua nini?"

Yunisi akauteremsha wavu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisu, akakata boya la kwanza mwenyewe.

Honorata alichonga kila boya lifuate bonde la bati. Akafuta bati kwa kitambaa kikavu, maana umande wa ziwa huuoni, ila gundi inauona. Akabandika, akakandamiza, akalaza kofia juu, akakaza skrubu zenye mpira kwa kiasi. Ukikaza kwa hasira, alisema, sponji inajipinda na mvua inakucheka. Nikamwambia milima ya Kongo ng'ambo imeshapotea nyuma ya mvua, apigilie tu ashuke. Akanijibu nishike ngazi.

Mvua ilitukuta sote ndani ya stoo, magunia ya dagaa katikati. Upepo uligonga mpaka bati likaguna. Honorata hata hakutazama juu. Alikuwa anakunja kamba yake. Yunisi ndiye aliyepita na kiganja wazi chini ya kilele, mwanzo wa stoo hadi mwisho, kisha akarudia. Kiganja kikabaki kikavu.

Akaketi juu ya gunia, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Calixte," akasema, "hata leo umeniletea dagaa."