Herufi Nilizoonyeshwa Mchana Kweupe

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, ndipo unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Rumonge, enzi za Mdachi, na hayakunipata usiku. Yalinipata saa sita mchana, nikiwa nimekwisha kula muhogo wangu na samaki, nina akili zangu timamu. Wallahi.

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa. Nilijifunza kule Tanga, kisha bwana daktari mmoja Mjerumani akanichukua hadi huku ziwani, kwenye kambi ya wagonjwa wa malale, ule ugonjwa wa usingizi, pamoja na mashine ndogo ya mkono na masanduku ya herufi za madini ya risasi. Aina tano za herufi! Zilikuwepo nyembamba, nene, za kulala, za maua, na zile nyeusi za Kijerumani zenye pembe na mikia. Nilizipenda kuliko nguo zangu. Nilioa hapa hapa, mke wangu Zaina akashika mimba ya kwanza, na mama yake akatuma salamu kutoka Magara kwamba atakuja kwa miguu kumsaidia kujifungua. Siku gani? Hakusema. Alisema tu, "Mwezi ukiandama, nitakuja." Basi.

Wiki hiyo hiyo bwana daktari akaniita, akaniagiza hivi. Kile kivuko cha mto kaskazini ya mji, njia ya kwenda Magara, kimejaa mbung'o, wale nzi waletao malale. Mtu asivuke hapo mpaka vichaka vifyekwe. Apande mtumbwi azungukie ziwani. Askari walikuwa wawili tu, na wote walilinda kambi. Kwa hiyo, andika tangazo, libandikwe sokoni na pale njia panda ng'ambo ya mto, upande wa Magara.

Niliandika, bwana! Kila mstari niliupa herufi zake. Juu za maua, chini yake nene, halafu zile za Kijerumani zikabeba maneno yote ya maana, maana ndizo zilizompendeza bwana daktari. Nilipolibandika sokoni watu walijaa. Nikasimama pembeni kifua mbele. Mama mmoja akaniuliza, "Hiyo leso itafika lini?" Alidhani ni mfano wa nguo! Wengine wakasifu maua, wakajitwika vikapu vyao, wakaenda zao kuvuka mto. Nami nikasemaje? Nikasema hawa hawajastaarabika. Astaghfirullah. Mkwe wangu alikuwa njiani kuja, na mimi nilikuwa nawacheka watu.

Siku ya pili nilikuwa peke yangu kibandani, nimekwisha kupanga herufi zile zile na kuzipaka wino ili nipige nakala ya njia panda. Nikasikia, "Amahoro, mwana wanje," yaani amani, mwanangu.

Bibi kizee, mwembamba, kaniki imefungwa kifuani, ushungi kichwani. Nikamkaribisha. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akainama juu ya zile risasi, akaanza kuzisoma. Hebu fikiri: herufi za chapa hukaa kinyume, kama uso kwenye kioo, na mimi ilinichukua mwaka mzima kuzizoea. Yeye alipitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto, akasoma lote, hadi mwisho.

Nikamwambia, "Bibi, kumbe unajua kusoma vizuri!"

"Sasa najua," akasema. "Wakati nilikuwa napita pale mutoni, karatasi haikukuwako. Leo karatasi iko, lakini iko na makelele. Maneno yote yanaita pamoja. Mutu akipita atasikia gani?"

Nilikasirika, kweli. Nikamjibu kwamba hizi ni herufi za Ulaya, zimebebwa vichwani na wapagazi kutoka pwani. Akatabasamu, macho yakajifumba. Alilala amesimama! Neno lilikuwa bado mdomoni. Kisha akazinduka akaendelea kama hakuna kilichotokea. "Neno moja ulipe sauti kubwa. Mengine yaseme polepole. Na wale walisoma chuo cha Kurani tu, wenye hawajui hizi za Wazungu, umewawekea nini?"

Nikamwambia sina herufi za Kiarabu. Akachuchumaa, akaandika kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, kwa herufi za Kiarabu: *Usivuke*. Mwandiko wa ajabu, herufi yake ya kafu ina mkono mrefu unaofunika neno zima. Akasimama, akaegemeza kiganja chote juu ya risasi zangu zilizojaa wino, akasinzia tena. Alipokiinua, nikakitazama kile kiganja.

Kilikuwa kisafi! Kisafi kama kimetoka kutawadha. Wewe unajua wino wa chapa? Mimi nilikuwa nao kuchani hata siku ya harusi. Nikajifanya naenda kumtilia maji kwenye kata, hatua tatu tu, na mlango uko upande wangu. Nilipogeuka, bibi hayupo. Vumbini palikuwa na nyayo zangu peke yangu, na lile neno.

Je, nilikimbia? Nilitaka. Lakini lile swali lake likawa linanichoma: wale waliosoma chuo tu, umewawekea nini? Mama yake Zaina alisoma chuo tu.

Nikavunja kazi yote. Nikang'oa ubao wa sanduku la sabuni, nikachonga lile neno kwa kisu, kwa kuligeuza, nikifuata mstari wa kidole chake bila kuongeza nukta. Neno likakaa juu, kubwa, peke yake. Chini nikalirudia kwa herufi nene, kisha maelezo mafupi kwa zile nyembamba zinazosomeka. Nyingine zote nikazirudisha sandukuni. Bwana daktari alipoona akauliza herufi za kwao ziko wapi. Nikamjibu, "Bwana, wanaozisoma hizo hawavuki mto kwa miguu." Akalitazama tangazo tena, akasema nenda. Jioni ile ile nikazunguka kwa mtumbwi, nikalibandika mwenyewe pale njia panda.

Siku ya tatu mkwe wangu akafika, kwa mtumbwi, nguo zimelowa hadi magotini. Hata salamu hakumaliza. "Nani amekuonyesha kuandika vile?"

Nikamuuliza kwani vipi, mama.

"Ile kafu! Nilikuwa nimekwisha kukunja nguo nivuke, nikainua macho. Ile iko mukono wa Bi Mwamini, mwalimu wangu wa chuo, alitupiga fimbo kwa sababu ya kafu hiyo. Na Bi Mwamini tulimuzika masika iliyopita. Alikuwa anavuka pale kila siku. Malale ilimukuta na tonge mukononi."

Nililia mbele ya mkwe wangu, aibu yote ile, na sikujali. Mwanangu alizaliwa siku tisa baadaye mikononi mwa bibi yake, mtoto wa kike, tukamwita Mwamini.

Sasa mimi ni mzee. Mpaka leo sijachanganya aina zaidi ya mbili za herufi kwenye karatasi moja, vijana wanaonisaidia kazi wananicheka. Kila Ijumaa namsomea Bi Mwamini Fatiha. Namshukuru. Angeweza kunitokea ili anitishe tu, na haki yake ilikuwepo, lakini alikuja kunifundisha, kwa upole, huku usingizi unamwangusha. Mungu amlaze pema.

Na wewe unayeshika herufi, nakuonya. Tangazo si mahali pa kuonyesha mali uliyo nayo sandukuni. Kabla hujabandika, jiulize nani anakuja kwa miguu, na alisoma wapi. Huenda ni mama wa mkeo, na amekwisha kukunja nguo.