Mama mkwe kaondoka na jiko langu

Leo mama mkwe kanichukulia jiko, na mume wangu ndiye aliyembebea hadi stendi.

Mama alishuka jana kutoka kwake Mgeta, milimani. Nikampikia maharage kwa jiko banifu, lile linalotumia vijiti vichache tu.
Akalitazama sana.
"Mwanangu, hili ni jiko au kijiko?"

Maharage yakaiva. Akala, akaongeza, wala hakusifu.

Asubuhi nakuta jiko limo kwenye kapu lake, limefunikwa kanga.
"Mama, hilo si jiko letu?"
"Ndilo. Magoti yangu yamechoka kupanda msituni kufuata kuni. Wewe utapata jingine."

Jamani, nyie mngemzuia?

Mume karudi anauliza chai. Nimemwambia aifuate Mgeta.