Picha Nzima ya Skrini

Bubusara alifundisha hesabu miaka thelathini na minne mjini Naryn, na nusu ya watu waliojaa sebuleni kwake asubuhi ile aliwahi kuwanyang'anya karata darasani. Leo walikuja kama wakwe. Walikunywa chai yake huku wakiamua kama Sarybai, babu wa marehemu mumewe, ataandikwa kwenye jiwe la ukoo. Fundi alikuwa anaanza kuchonga Jumatatu.

Msemaji mkuu alikuwa Mukambet, binamu wa marehemu, mtunzaji wa ukurasa wa nasaba mtandaoni. Oktoba jina la Sarybai lilikuwemo. Sasa limefutwa.

"Aliokotwa njiani yule, shemeji," alisema, akichovya andazi kwenye malai ya maziwa. "Hatumchukii. Lakini damu ni damu."

"Mjukuu wangu anataja baba zake saba, kizazi baada ya kizazi, Sarybai akiwa mmoja wao, bila kukwama," alisema Bubusara. "Mtu asiyewajua saba wake mnamwitaje ninyi?"

Humwita mtumwa, na wote walilijua hilo.

Bubusara akampa Mukambet karatasi aliyoichapisha, picha ya ukurasa ule wa Oktoba. Mukambet akaigeuza mbele na nyuma.

"Tarehe iko wapi? Naona jina tu. Hata mimi naweza kujiandika mfalme."

Wakacheka. Bubusara alijua tarehe ilikokwenda. Ile programu ndogo ya kunasa skrini ilinasa kila kitu. Ni yeye aliyeburuta kipanya, akalizungushia jina peke yake na kuyakata mengine, maana hayo mengine yalikuwa aibu. Picha nzima hakuifuta.

Akaenda pembeni, akaivua kompyuta kitambaa chake cha tarizi, akaifungua picha.

Sarybai alikuwepo, mahali pake. Chini yake pameandikwa aliyehariri mwisho: Mukambet. Kwenye kona ya kulia, saa na tarehe ya Oktoba. Na upande wa kushoto, limemeza nusu ya skrini, dirisha la mchezo wa karata: mchezo wa mia nne na kumi na mbili.

"Mwalimu," alisema wifi yake Kalyipa taratibu, "saa nne asubuhi?"

"Saa nne na dakika saba. Soma vizuri, wifi, hukuwahi kusoma vizuri." Akawageukia wote. "Karata ni zangu, na nimefungwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda. Sarybai ni wenu. Haya, chekeni."

Mzee Jumabek, mkubwa wa ukoo, akaweka bakuli lake chini. "Mukambet, mpigie fundi."

"Mzee, nitampigia nikifika nyumbani..."

"Hapa hapa. Tusikie."

Alipiga, akamwambia fundi achonge na jina la Sarybai. Kisha wakamkalisha kwenye kiti cha Bubusara akalirudisha jina kwenye ukurasa mwenyewe, kwa vidole viwili.

"Sasa nipishe," alisema Bubusara. Akaufungua mchezo wake wa karata kando ya ukurasa, akabonyeza kitufe cha kunasa, skrini ikafifia. Akaburuta kipanya kutoka kona hadi kona.