Dizeli Niliyoisingizia

Kosa ni langu. Si la gari, si la barabara, si la mvua. Nalisema hapa kwa sababu kuna mtu ninayemwona kila siku na nimeshindwa kumwambia, na usingizi umenikimbia.

Mimi ni dereva, mzaliwa wa Kilolo. Tajiri wangu, nimwite Bwana Sefu, ana duka Iringa mjini, ila kwao ni Mbeya. Miaka tisa nilimwendeshea pikapu ya petroli. Mishale ya mafuta ya magari yetu iliharibika zamani kwa makorongo, kwa hiyo sisi madereva wa njia hii tuliendesha hadi injini ikohoe. Ikikohoa, unashuka, unamimina debe, unapiga stata, unaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu, na tuliionea fahari!

Basi Bwana Sefu akanunua pikapu mpya, ya dizeli. Lo, niliichukia! Inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na asubuhi ya baridi haiwaki mpaka uibembeleze. Fundi aliyeileta akanionyesha skrubu karibu na pampu ya mafuta.

"Tangi hii usiache ikauke hata siku moja," akasema. "Ikikauka, hewa inaingia kwenye mabomba. Unalegeza hapa, unapampu kwa mkono, mpaka hewa yote itoke. Umeelewa?"

"Gari si mtoto mchanga, fundi, eti mpaka icheue!" nikamjibu, na madereva wenzangu waliokuwapo wakaangua kicheko. "Nimeelewa, bwana. Miaka tisa niko barabarani!"

Sikuelewa. Hata kutazama sikutazama, jamani!

Masika ikaja simu ya maandishi kutoka Mwanjelwa. Baba yake Bwana Sefu yu mahututi, aje upesi. Bwana Sefu ndiye mtoto wa kiume pekee. Tuliondoka alfajiri, naye hakunywa hata chai.

"Tutamwahi?" akaniuliza.

"Tutamwahi, Tajiri. Kabla ya alasiri tupo Mwanjelwa."

Tulipopita Makambako, injini ikakohoa; mshale wa hii mpya ulikuwa mzima, lakini kwa mazoea sikuutazama. Sikuwa na wasiwasi. Nikamimina debe letu la dizeli, nikapiga stata. Wapi! Nikapiga tena na tena, mpaka nikaogopa kuua betri.

"Ina nini?" akauliza Bwana Sefu.

"Injini mbovu, Tajiri. Si nilisema mashine hizi hazifai?"

Ile skrubu nilikuwa naiona kwa macho yangu! Lakini sikujua ilegezwe kiasi gani, wala nipampu wapi, na kinywa changu kilishasema nimeelewa. Nikazunguka gari. Nikafungua boneti, nikafunga, nikafungua tena. Njia ilikuwa tupu, maana mvua iliwaweka wengi nyumbani. Bwana Sefu akaswali adhuhuri kwenye majani mabichi, kisha akaenda kwa miguu kutafuta kijiji, apate gari lolote, hata baiskeli.

Alasiri, yeye akiwa bado hajarudi, likaja lori kutoka upande wa Mbeya. Dereva wake, Mnyakyusa mmoja mtu mzima, akashuka.

"Tangi ilikauka?"

"Ilikauka, kaka."

"Basi hii gari haina ugonjwa. Imemeza hewa tu. Wewe hawakukufundisha?"

Nikasogea kumpisha. Akalegeza skrubu, akapampu kwa mkono, povu likatoka, halafu dizeli safi. Akakaza. "Washa." Ikawaka! Kazi yote ilikuwa muda wa kuvuta sigara moja. Akapanda lori lake akaenda zake Iringa.

Bwana Sefu aliisikia injini akaja mbio, matope hadi magotini, viatu mkononi.

"Imekubali?"

"Nimehangaika nayo, Tajiri, mpaka imekubali."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akulipe," akasema. Hata leo neno hilo likinijia nikiwa nimeketi, nainuka, natembea uani bila kujua naenda wapi.

Tulipofika Mwanjelwa giza lilikuwa limeingia, watu wameketi mikekani. Baba yake mdogo akainuka.

"Tumekusubiri mpaka alasiri ikapita, mwanangu. Kungoja zaidi isingewezekana. Mpaka anakata roho mchana alikuwa anauliza, Sefu kafika? Majirani ndio walioshuka kaburini."

Bwana Sefu hakulia mbele za watu. Aliingia chumba cha baba yake, akafunga mlango, na mimi nikamsikia.

Ile dizeli aliiuza mwezi uleule, akarudia petroli. Kila anayetaka kununua ya dizeli humwambia: "Muulize dereva wangu. Alinionya, sikumsikiliza." Wananiuliza kweli! Nami naitikia kwa kichwa, naisingizia injini nzima isiyo na kosa.

Madereva wenzangu, mashine mpya si aibu. Fundi akikuonyesha kitu nacho hakikuingii, mwambie sijaelewa, nionyeshe tena. Wenzako watacheka, watanyamaza. Mimi niliogopa kicheko cha siku moja, na mtoto akakosa kumzika baba yake!

Kila mwaka tunakwenda Mwanjelwa kumsomea mzee hitima. Bwana Sefu hunipa sahani ya kwanza ya pilau, mbele ya ndugu zake, akisema bila huyu tungelala porini. Ijumaa hii tunakwenda tena. Petroli nimeshajaza.