Nywele za Mama Brayo

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, mwaka ule masomo ya bure yalipoanza, mama alinipa kazi moja tu ya maana nami nikaiharibu kwa uvivu. Ninasema hili mapema ili mtu asije akanihurumia.

Tulikuwa tumehamia Kibomet, pale Kitale, mama na mimi, baada ya yeye kuachana na baba. Alikuwa akipalilia mahindi ya watu. Kaka yake wa Kimilili alimwambia arudi akae kwake, naye akakataa. Hakutaka kuomba chumvi kwa mke wa mtu. Ndipo akaanza mafuta ya nywele. Alikaanga mbegu za mbono, akazitwanga, akazichemsha hadi mafuta yakaelea, kisha akayaengua na kuyatia rosmeri iliyoota kando ya kanisa. Yalinuka moshi kidogo, lakini nywele zilizokuwa zikikatika zilishika. Kufikia Agosti alikuwa ameacha vibarua kabisa. Kila Jumamosi wanawake walijipanga mlangoni petu wachanwe na kupakwa, na mama akaanza kutembea kichwa juu.

Sasa, nywele za mtu hazitupwi ovyo. Kukhu, nyanya yangu wa Misikhu, alituambia kwamba ndege akijengea kiota nywele zako, kichwa kitakuuma mpaka kiota kioze. Wateja waliamini hivyo, na mama pia, ingawa kwaya hakukosa hata siku moja. Kwa hiyo nywele za kila mmoja alizifunga kwa karatasi huku mwenyewe akiona, akanipa nikazitupe chooni.

Choo cha ploti kilikuwa kule chini, na wenzangu walikuwa wakiruka kamba huku juu. Mara ya kwanza nilizisukuma ndani ya ua wa miiba wa kayaba uliozunguka ploti nikitazama nyuma. Hakuna lililotokea. Basi nikazoea.

Mama Brayo, jirani na mteja wetu wa mlango wa pili, ndiye peke yake aliyepaka nywele rangi ya kahawia katika ploti nzima. Mwezi wa kumi alianza kuumwa na kichwa, na dawa za dukani hazikumsaidia. Siku moja mlinzi alipokuwa akipunguza ua, kiota kikaanguka, na ndani yake kulikuwa na nywele za kahawia.

Mama Brayo alikuja nacho mkononi. Hakupiga kelele.

"Mama Nafula, hii si ni nywele yangu?"

Mama alinigeukia. "Nafula, nywele ulikuwa unapeleka wapi?"

"Choo."

"Zote?"

"Zote, mama."

Akamwangalia Mama Brayo. "Huyu mtoto hanidanganyangi. Labda ni upepo."

Upepo gani unatoa kitu chooni? Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Ikasemwa ati mama anaweka nywele za watu kwa sababu zake. Maneno hayo aliyavumilia. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimesema zote zimo chooni, alijiambia zile za kiotani ni manyoya ya mnyama tu, akaona hakuna jambo lingine lililobaki: mafuta yake ndiyo yaliyomwumiza Mama Brayo. Nilimsikia akiomba, "Mungu, nimeumiza mtu na mikono yangu." Nilikuwa nimekaa kitandani, hatua mbili kutoka kwake, na sikufungua mdomo. Asubuhi aliyamwaga mafuta yote nyuma ya nyumba. Kabla ya Krismasi tulikuwa Kimilili, kwa mke wa mjomba.

Nilimwambia ukweli mwaka jana, mimi mwenyewe nikiwa na watoto watatu. Tulikuwa tukiambua maharagwe. Nilitarajia anitukane, na ningeshukuru.

"Kwa hivyo mafuta yangu hayakuwa na shida?" akauliza.

"Hayakuwa, mama."

"Na mimi sijapaka mtu tena. Hata watoto wako nilikataa."

Kweli alikataa. Nilikuwa nimedhani amechoka tu.

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba ushirikina ndio uliotuondoa Kitale, nao hucheka, nami hucheka nao. Sisemi hivyo tena. Mama alikuwa na kazi aliyoiweza, iliyomlisha bila kumpigia mtu magoti, akaiacha kwa sababu aliniamini mimi kuliko mikono yake. Nikienda kumtembelea hunipakulia chakula mimi kwanza, na naona haya kukipokea.