Makaburi Mawili ya Mabanga

Nilitoka Kitale kwa sababu nilikuwa nimebakiza wiki moja tu kabla ya kuwasilisha kazi yangu chuoni. Pendekezo langu la utafiti lilihusu familia za Warumi wa kale. Nilidai kwamba ukisoma majina kwenye mawe ya makaburi yao, unaweza kujua nani alikuwa mtoto wa nani, na nani alitangulia kuzaliwa. Jopo la chuo lilikuwa limelirudisha mara mbili, likisema sina mbinu. Likikataliwa tena, somo zima la Ugiriki na Roma lingefungwa, maana mwanafunzi aliyesalia ni mimi peke yangu. Shosho, nyanya yangu mzaa baba, ambaye nimepewa jina lake, Wanjiru, alinitazama nikifunga begi.

"Si hao Warumi wako walishakufa?" akauliza. "Sasa haraka ni ya nini?"

Siku nyingine ningecheka.

Kimilili nilishuka kubadilisha gari. Ilikuwa siku ya soko, na wingu lilikuwa limeufunika mlima wote wa Elgon. Nilinunua ndizi, nikasimama kando ya magunia ya vitunguu nikirudia hoja zangu kimoyomoyo. Niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Bungoma nilifika mchana, nikachukua pikipiki hadi Mabanga. Anaishi huko Mwalimu Wanjala, aliyenifundisha Kilatini kabla hajastaafu. Katika watu wote ninaowajua, ndiye pekee aliyewahi kuyashika mawe ya Roma kwa mikono yake. Mkewe alinipokea mlangoni.

"Pole na barabara ya Kimilili," akasema. "Keti ukunywe chai kwanza. Mawe hayakimbii."

Baada ya chai Mwalimu alinipeleka nyuma ya nyumba, penye makaburi mawili ya familia yaliyojengewa kwa saruji, kila moja na jiwe lake la maandishi.

"Sahau kama unanijua," aliniambia. "Hapa ni Roma. Soma, halafu uniambie hawa ni kina nani."

Alinifundisha kunakili jiwe. Unalowesha karatasi nzito, unailaza juu ya maandishi, kisha unaigongagonga kwa brashi mpaka iingie ndani ya kila herufi. Unaiacha ikauke, unaibandua, nayo inatoka na umbo la maneno yote. Nilifanya vizuri, mwenyewe akanisifu. Tulipokuwa tukingoja karatasi ikauke, nikaanza kueleza, na kichwa kilikuwa kimeshavimba kwa zile sifa.

"Huyu mama mzee ni Nekesa, na huyu msichana pia ni Nekesa," nilisema. "Kwa hivyo msichana ni mjukuu, binti wa kwanza wa mwana wa huyu mama. Ndiyo maana alipewa jina la nyanya yake mzaa baba. Wadogo zake walifuata."

Mkewe, aliyekuwa akianua nguo, aliacha shati kambani akatugeukia.

"Ati wa kwanza?" Mwalimu akauliza. "Mjukuu ni sawa. Lakini si huyu alikuwa kitinda mimba wangu, Wanjiru? Wa mwisho kabisa."

"Samahani, Mwalimu."

"Na hakupewa jina la mama yangu. Mama alizaliwa wakati wa mavuno. Huyu pia alikuja wakati wa mavuno. Ndio wote wakaitwa Nekesa. Mimi nilikuja na njaa, ndio naitwa Wanjala. Hiyo ya kufuata nyanya ni ya kwenu, bana."

"Alikuwa mdogo wa wote," mkewe akasema, macho yake kwenye lile jiwe. "Alipenda kubebwa, hata akiwa mkubwa."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nimezaliwa Kitale, nimekaa dawati moja na akina Nekesa na Nafula, tumeazimana kalamu na chumvi, na sikuwahi kuwauliza majina yao yalitoka wapi. Sasa nikaliona pendekezo langu lilivyokuwa: desturi ya nyumbani kwa shosho, nimeivika nguo za Kirumi.

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?"

"Toa ile yote umebahatisha. Acha ile unajua."

"Kutabaki nini?"

"Kidogo, msichana wangu. Kidogo sana."

Asubuhi iliyofuata nilianza safari ya kurudi, ile karatasi nimeikunja ndani ya sweta, maana mvua ilitukuta Kimilili. Kufika Kitale nikafuta sura baada ya sura. Nilichobakiza hakikujaza ukurasa mmoja. Jopo lilikisoma, likakikataa, na somo likafungwa. Shosho alisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilimshukuru, lakini neno lake halikunifariji.

Mbinu niliyoiendea nimeipata, na hakuna jopo la kuionyesha. Kinachoniumiza zaidi si hilo. Mabanga nilikosea, na baba wa mtoto alikuwepo akanikatiza. Kule Roma wako mabinti wengi niliowapanga wa kwanza na wa mwisho nipendavyo, na mama zao hawawezi kuacha nguo kambani waniambie mtoto wao alipenda kubebwa.